Hosipawa 25 au 35: hesabu ya Limuru si hesabu ya Mombasa

Shemeji yangu ako na ekari sita Limuru, ng'ombe wa maziwa, nepia, viazi na kipande cha mahindi ya sailej, na tangu mwaka jana anatafuta trekta ndogo. Sasa amebaki na mbili. Ukizisimamisha kando kwa kando hutajua tofauti, urefu ni sawa, uzito ni kama kilo 1,200 kila moja, tairi saizi moja, zote zinavuta na magurudumu manne, ila moja ni ya hosipawa 25 na ile ingine ni 35. Na kila mtu aliyemuuliza hapa Nairobi anamwambia achukue ya 25, ati hiyo ingine analipia namba imebandikwa kwa boneti.

Hao watu si wajinga, niseme hivyo mapema. Trekta haivuti kwa injini peke yake, inavuta kwa uzito. Trekta ya kilo 1,200, kwa udongo mzuri na magurudumu yote yakisukuma, itavuta kitu kama nusu ya uzito wake, tuseme kilo 600, ukiongeza hapo tairi zinaanza kuzunguka bure. Sasa piga hesabu: kuvuta kilo 600 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni kama hosipawa 11 tu pale kwa ndoano. Ongeza zinazopotea kwa gia na kwa tairi inayoteleza, bado hujafika 20. Kwa hivyo mtu akikwambia kwa plau na kwa trela hizo 10 za juu zinaenda kwa moshi, anasema ukweli. Ukiwa Mwea ama Juja kwa ule udongo mweusi unaonata, mvua ikishapiga, hata uwe na 50 utakwama tu, afadhali pesa ya tofauti uinunulie vyuma vya kuongeza uzito ama ujaze maji kwa tairi za nyuma, na ibaki ya spea.

Sasa shida yangu iko hapa. Hiyo ni hesabu ya kuvuta, na shemeji kuvuta atafanya kidogo sana. Kazi yake kubwa ni rotaveta, ile mashine ya visu vinavyozunguka kuvunja udongo, halafu mashine ya kukata nepia, zote zinazungushwa na PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayopeleka nguvu ya injini kwa mashine. Huko uzito hausaidii kitu, ni injini inaongea.

Angalia rotaveta vizuri manake ndio imenikosesha usingizi. Kanuni ambayo watu wengi hutumia ni kama hosipawa 5 za PTO kwa kila futi moja ya upana. Na upana wa rotaveta hauchagui kwa injini, unachagua kwa tairi, lazima ifunike alama za magurudumu ya nyuma, la sivyo unaacha mistari miwili imekanyagwa ngumu kama barabara. Na hizi trekta mbili tumesema tairi ni sawa, na nafasi kati ya tairi pia ni sawa, kwa hivyo zote zinataka rotaveta ile ile, tuseme ya futi 4, ambayo inakula kama hosipawa 20. Ule usawa wa bodi kuwa moja ndio unaiumiza ya 25, manake imepewa kazi ya ndugu yake mkubwa.

Utasema 25 si inatosha 20? Ingetosha, kama shamba lingekuwa Kilifi. Hosipawa 25 ni ya injini, PTO inapata kama 21 hivi baada ya gia kula zake. Na hiyo 25 yenyewe ilipimwa kwa hewa ya chini karibu na bahari. Limuru iko mita kama 2,200 juu. Injini ya dizeli isiyo na tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, inapoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na silinda inajaza hewa kidogo. Mita 2,200 ni karibu asilimia 22. Zile 21 za PTO zinakuwa 16 na nusu. Rotaveta inataka 20.

Hebu kaa na hiyo namba kidogo. Umenunua 25, umelipa 25, na ukifika kwa shamba lako ile kitu inazungusha visu ni 16 na nusu, na haijaharibika, haina kasoro yoyote, ni hewa tu. Hata hapa Nairobi kwa mita 1,700 hivi ushaacha kama asilimia 17 njiani, kwa hivyo hata ukiijaribu kwa yadi ya muuzaji Industrial Area bado haujaona ile itafanya huko juu, na yadi yenyewe haina udongo wa kulima. Ukipanda Kinangop inazidi kupungua. Ile ya 35 inaanza na kama 30 kwa PTO, Limuru inabaki na 23. Inafanya kazi na inabakisha kidogo ya kupanda mteremko, na Limuru mteremko ni kila mahali. Na kama hiyo ya 35 ina tabo, manake wakati mwingine hiyo nguvu ya ziada inatoka kwa tabo kuongezwa kwa injini ile ile, basi gepu inapanuka kabisa, tabo inasukuma hewa ndani na ule upungufu mwingi hauonekani. Kwa karatasi tofauti ni 10, huko juu inaweza kuwa 13 ama zaidi.

Nimeona hii kitu kwa jirani ya shemeji mwenyewe. Ako na moja ya 25, rotaveta futi 4, akilima kupanda juu inabidi ainue visu nusu, gia ya kwanza, moshi mweusi tii. Fundi akamwambia ni nozeli, wakabadilisha, moshi ukabaki. Fundi mwingine akafungulia pampu ilete dizeli zaidi, moshi ukaongezeka na injini ikaanza kuchemka, si ni wazi, dizeli ilikuwa mingi tayari, kitu kilikosekana ni hewa. Mzee wa watu ametumia pesa ya spea kutibu trekta ambayo haikuwa mgonjwa, na inaniuma kwa sababu ni mtu anauza maziwa kulipa karo.

Halafu kuna hili la dizeli, ndilo watu huleta haraka, na EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei kila tarehe 14 mtu anashika kichwa, naelewa. Lakini injini hainywi kwa namba ya boneti, inakunywa kwa kazi. Kazi ile ile ya rotaveta inataka karibu dizeli ile ile, ya 35 itainywa kwa saa chache na ya 25 kwa saa nyingi ikiwa imekanyagwa mwisho siku nzima. Ekari ikichukua saa sita badala ya nne, dereva unamlipa, na zile saa mbili zinaingia kwa mita, oili inafika mapema, filta inafika mapema. Kwa kazi nyepesi kama kubeba maziwa na mbolea kwa trela, hapo sawa, ya 25 itanywa kidogo kuliko.

Jambo lingine. Huu ushauri wa "chukua 25" mwingi umetoka Marekani kwa video, na huko una sababu yake. Sheria yao ya moshi, Tier 4, inabana zaidi kuanzia kilowati 19, ambayo ni hosipawa 25 na nusu, kwa hivyo ukivuka hapo injini nyingi zinakuja na filta ya masizi kwa egzosi, inataka kuchomwa isafike na ikiharibika ni bei. Ndio maana Kubota walitoa L2501 ya 24.8 na L3301 ya 33 kwa bodi karibu moja, na Mmarekani mwenye shamba dogo akakimbilia ya kwanza. Trekta nyingi ndogo mpya tunazouziwa hapa zinatoka India, na huko ile sheria kali, TREM IV, ilianza Januari 2023 kwa trekta za zaidi ya hosipawa 50. Kwa hivyo ya 25 na ya 35 zote hazikuguswa wakati huo, na huenda unaogopa filta ambayo haiko.

Kitu kimoja kinanisumbua upande wangu ni klachi na giaboksi. Bodi ikiwa ni ile ile, hizo 10 za ziada zinapita kwa gia zile zile, na dereva wa vibarua hana huruma. Hapo sina la kupinga, ya 35 ikipewa plau kubwa kuliko uzito wake itakula klachi. Na kama pesa ya tofauti inamaliza pesa ya kununua rotaveta yenyewe, basi hakuna mjadala, trekta bila kifaa ni kiti cha bei ghali, achukue ya 25 na rotaveta ya futi 3 na akubali kupita mara mbili.

Lakini shemeji pesa anayo, na shamba liko juu. Nimemwambia asilipe hata diposti mpaka wapeleke zote mbili Limuru Jumamosi, wafunge rotaveta moja, kwanza kwa hii halafu kwa ile, visu viingie mpaka mwisho, waanzie chini kwa nepia wakipanda. Asimame kando asikize injini, na aangalie rangi ya moshi.