Mkono Juu Maana Yake Acha

Jino ndilo lililoanza kulalamika. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa likiuma asubuhi na kunyamaza mchana. Baadaye sikio la upande uleule likadakia, kichwa kikafuata, na shingo ikagoma kabisa kugeuka peke yake. Mtu akiniita kwa nyuma nilimgeukia mwili mzima, kwa heshima ambayo wengine hawakustahili.

Nilikwenda kwa daktari wa meno nikiwa nimeshajiandaa kuling'oa. Akaligonga, akalipulizia hewa ya baridi, akalipiga picha, akasema gego ni zima na yeye hang'oi meno mazima. Kisha akanipa kioo nijionee jinsi magego yangu yalivyolika hadi yakawa bapa, akaniuliza, "Kaka, usiku unalala na nani?"

Swali hilo, likitoka kwa mtu aliyevaa barakoa, humshtua mume wa mtu. Kumbe alikuwa anatafuta shahidi wa kusaga meno. Shahidi alikuwepo, tena mwenye ushahidi mkononi: mke wangu alikuwa ameshanirekodi kwenye simu. Nilipofika nyumbani akanisikilizisha. Ilikuwa sauti ya kabati linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji. Nikamwambia huo ni mlango.

"Baba watoto," akasema, "mlango hauna meno."

Daktari alikuwa amenieleza vizuri tu. Msuli wa kutafunia unatoka kwenye mfupa wa shavu hadi kwenye pembe ya taya, na ukikazwa usiku kucha huzipeleka kero zake kwa majirani: jino, sikio, uso. Mwenzake amejitandaza kwenye panja, na huyo ndiye aliyekuwa akinigongea kichwa asubuhi. Akanitengenezea kinga ya kuvaa wakati wa kulala, akanielekeza pia kwa mkandaji anayeshughulikia taya na shingo. Hapo nilifurahi. Kwangu mimi masaji ilikuwa mgongo, mafuta na muziki wa taratibu. Kwamba ipo masaji ambayo mkandaji huvaa glavu, hilo sikuambiwa na mtu.

Mkandaji alikuwa dada mwenye sauti ya upole na vidole gumba visivyo na upole wowote. Alianza kwa kunipima. "Panua mdomo, kaka, ingiza vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine." Viwili vikaingia, cha tatu kikabaki nje kinasubiri zamu. Akaniwekea kidole mbele ya sikio, akaniambia nifungue na kufunga polepole. Tak. Tena tak. Akasema ndani ya kiungo kile kuna kisahani cha gegedu, na changu kinateleza kidogo kabla ya kurudi mahali pake. Aliongeza kwamba taya langu likifunguka linakimbilia kulia. Miaka yote nimekuwa napiga miayo upande, na hakuna rafiki aliyenistua.

Alianza na shingo. Nililala chali, akakaa upande wa kichwani, akakipakata kichwa changu kwa viganja viwili. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni mtu kunibebea changu. Chini ya kisogo kuna misuli midogo, jozi 4, na ncha za vidole vyake zilikaa hapo bila kusugua, zikisubiri. Halafu akashika msuli ule mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Hakuubonyeza, aliubana tu kati ya kidole gumba na cha shahada, mbali na mshipa unaodunda. Maumivu yakatokea juu ya jicho.

"Dada," nikamwambia, "wewe umeshika shingo lakini linalouma ni jicho."

"Ndiyo kazi yake huyu," akajibu. "Anakaa shingoni, analia kwenye paji la uso."

Nikanyamaza. Kwa ajili ya jicho hilo nilishabadilisha miwani.

Ndipo akavaa glavu. Akanieleza kwamba kidole chake kitaingia mdomoni, kwamba mtu hawezi kuongea vizuri katika hali hiyo, na kwa hiyo tuwe na ishara: mkono juu maana yake acha. Tukakubaliana. Hatukukubaliana ni mkono wa nani.

Upande wa kulia ulikuwa vita. Kidole kikapita kati ya shavu na magego, gumba likabaki nje, na msuli ukabanwa katikati. Msuli wenyewe ulikuwa na fundo ambalo mimi mwenyewe nililihisi likihamahama. Mkono nilikuwa nimesahau kama ninao, nikajaribu kumwambia inauma. Sasa jaribu wewe kutamka herufi m huku mdomo uko wazi na kidole cha mtu kiko ndani. Dada wa watu alichosikia ni "inaua". Akachomoa kidole haraka, macho yamemtoka. "Inaua nini, kaka? Moyo?" Ikabidi nimtulize yeye kwanza.

Na udenda, jamani. Tezi kubwa ya mate imelala juu ya msuli uleule, ukiukanda huu unaikamua na ile. Ukapita pembeni ya mdomo, ukashuka shavuni, ukaelekea sikioni. Alinifuta bila kusema neno. Kuna watu wana roho nzuri.

Basi tukahamia kushoto. Upande huo haukuwa na makuu, na shingo yangu ilishakuwa laini tangu mwanzo. Lakini kuna msuli mwingine uliojificha upande wa ndani wa taya, na ili kuufikia kidole hakina budi kuvuka juu ya magego. Akakipitisha, akakituliza hapo, akaniambia nipumue kwa pua, tusubiri msuli uachie wenyewe. Chumba kimya. Kichwa, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakigongi.

Nikasinzia.

Kinachofuata nimesimuliwa. Kusaga meno hutokea zaidi kwenye usingizi mwepesi, na mimi nilikuwa kwenye huohuo. Taya likafunga. Dada, kwa kuwa ni mtu wa taratibu, akainua mkono. Mkono juu maana yake acha. Macho yangu yalikuwa yamefumbwa, na kwa vyovyote vile mtu aliyelala hasomi ishara. Akaniita "kaka" kwa upole. Akaniita tena bila upole. Kukivuta kidole hakuthubutu, maana taya lilikuwa limeanza kwenda kulia na kushoto, linasaga.

Akanibana pua.

Niliamka nikiamini nazama baharini. Mdomo ukafunguka wote, tak, nikavuta hewa yote ya chumba kile, naye akachomoa kidole na kurudi nyuma hadi ukutani. Tukatazamana. Glavu ilikuwa na matundu mawili yaliyopangana vizuri, moja la gego la juu na jingine la gego la chini. Ngozi ilikuwa nzima, ila alama zilibaki.

"Pole," nikasema.

"Pole na wewe," akasema, akiwa anakipuliza kidole. Halafu utaalamu ukamrudia. "Hebu rudia kupanua vile ulivyopanua."

Nikapanua. Vidole vitatu vikaingia vyote.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama mkandaji ameniuma. Nikamwambia la, mimi ndiye niliyemuuma. Hakushangaa. Alitaka tu namba ya dada yule ampe pole, na nadhani alitaka pia kumtumia ile sauti. Nilikataa. Kwa upande wangu nashikilia kwamba mtu aliyelala hawezi kushtakiwa.

Niliporudi kwa mkandaji, nikachungulia faili langu mezani. Chini ya jina, sehemu ya tahadhari, ambako wengine huandikiwa shinikizo la damu au ujauzito, mimi nimeandikiwa kwa wino mwekundu: ASILALE. Mpangilio nao umebadilika. Mdomo unakuja kwanza nikiwa macho, shingo mwishoni, ambapo nikisinzia hakuna kiungo cha mtu hatarini. Na kidole kikiwa ndani lazima nijibu hesabu.

"Saba mara nane?"

"Ha'sini na sita."

"Vizuri. Tisa mara saba?"

Hiyo ya tisa mara saba niliikosea, na hapohapo gumba likazama kwenye fundo. Anasema ni bahati mbaya.