Kilimanjaro: barafu inasifiwa, msitu ndio unaolisha mito

"Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito itakauka." Kauli hii imerudiwa mno hadi haihojiwi tena. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1912 barafu ilifunika takribani kilomita za mraba 12. Kufikia 2000 zilibaki kama 2.5, na bado inapungua.

Wenye hofu hiyo wana sababu. Kwenye milima ya Andes na Himalaya, maji ya barafu huibeba mito wakati mvua imekatika. Isitoshe, barafu ndiyo fundi wa milima mirefu. Juu ya Mlima Kenya ilikwangua miamba, ikaacha Bonde la Teleki likiwa na kuta za mwinuko mkali na sakafu pana, pamoja na matuta ya mawe na vijiziwa. Vijito vya leo vinapita humo humo.

Lakini kuuchongea mto njia si kuujaza maji. Tupige hesabu, tena kwa ukarimu. Kilomita za mraba 2 za barafu zikiyeyuka kina cha mita 1 kwa mwaka, hutoa mita za ujazo zisizozidi milioni 2. Msitu wa Kilimanjaro una takribani kilomita za mraba 1,000. Ukipata milimita 1,000 tu za mvua (na miteremko ya kusini hupata zaidi ya 2,000), hizo ni mita za ujazo bilioni 1. Mara 500! Hata tukiondoa maji yanayonyonywa na miti na kurudi hewani, pengo halizibiki. Na hesabu hiyo imeipendelea barafu, kwa sababu kule kileleni, kwenye hewa kavu, sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji.

Ndiyo maana naona macho yetu yameelekezwa pasipo. Barafu inapendeza kwenye picha. Moto wa msituni husahaulika ukishazimwa, kama ule wa Oktoba 2020. Ukanda wa juu wa msitu hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, na ndio moto umekuwa ukiula kwa miongo kadhaa, na mstari wa juu ambapo miti inaishia ukishuka. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa juhudi za Moshi wala Rombo, chini ya mlima. Njia za kuzuia moto, doria na miche ya miti ya asili viko ndani ya uwezo wetu, na mkulima anayesubiri maji ya Mto Pangani, unaolishwa na mlima huu, anavihitaji kabla ya kiangazi kijacho.