Mwanza hadi Bukoba si dakika 45

Ukitafuta mtandaoni umbali wa Mwanza na Bukoba, utapata majibu mawili. Kwa ndege ni kama kilomita 175, mstari ulionyooka juu ya Ziwa Victoria. Kwa barabara ni zaidi ya 400, maana gari halikati ziwa katikati: linazunguka Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo na Muleba ndipo liingie Bukoba. Yote mawili ni sahihi. Linaloniudhi ni hili la "dakika 45 tu kwa ndege", watu wanavyolitamka kana kwamba hiyo ndiyo safari nzima.

Miaka miwili iliyopita shangazi, anayeishi Bukoba, alipewa rufaa ya kuja hospitali ya Bugando hapa Mwanza. Mgongo ulikuwa haumruhusu kukaa kwenye basi kutwa, tukachangishana nauli ya ndege. Uwanja wa Bukoba uko mjini, kando kabisa ya ziwa, na saa moja asubuhi alikuwa ameshafika pale. Kukawa na ukungu, kisha mvua. Ndege ikaja alasiri. Nilipompokea Mwanza giza lilikuwa linaanza, naye amekumbatia kopo la senene aliowakaanga alfajiri ya siku ileile. Bado tulikuwa na safari ya kutoka uwanjani kule Ilemela, foleni ya mjini, na kilima cha Bugando. Basi lililoondoka Bukoba asubuhi hiyo lilikuwa limeshashusha abiria stendi ya Nyegezi, Mwanza.

Sidai ndege ingeruka hivyohivyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilitumbukia ziwani, watu 19 wakafa, na wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao kuokoa. Bora kungoja. Kilichoniuma ni kwamba mama mzima, mgonjwa, alikaa kwenye kiti kigumu saa zote hizo bila mtu kumwambia lolote. Anayeuza tiketi ya dakika 45 ana wajibu wa kumpigia abiria simu mapema ili abiria aendelee kulala nyumbani.

Nionavyo mimi, kilichoisogeza Bukoba karibu na Mwanza ni daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3 hivi, linalovuka ghuba ya ziwa kwenye njia hiyo ya Sengerema, lililofunguliwa Juni 2025. Waliopita pale zamani wanajua: basi linapanga foleni, abiria mnashuka, mnaingia kivukoni kwa miguu, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Ukikuta foleni ndefu unakula mahindi ya kuchoma mpaka unayachoka, na mgonjwa naye anangoja kama wengine. Sasa dereva anapita moja kwa moja, dakika chache yuko ng'ambo. Saa nzima na zaidi zimeondoka kwenye safari, na zimeondoka kwa kila mtu, hata yule asiyeweza kununua tiketi ya ndege.

Meli nayo ni njia nzuri kwa mwenye usiku mzima wa kulala, ila kwetu Kagera zipo familia ambazo tangu MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996, hazitaki kuisikia. Siwalaumu hata kidogo.

Mwezi ujao shangazi ana kliniki tena. Mgongo umepata nafuu, na ameomba mwenyewe aje na basi. Nimemkatia kiti cha mbele, na nimemwomba kondakta amwache ashuke Biharamulo ajinyooshe kidogo.