Vidonge vya sonona: hofu ya mgonjwa na haraka ya kliniki

Kwenye kibahasha cha dawa ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kilichotoka katika kliniki moja ya mjini Moshi palikuwa na maandishi machache ya kalamu ya bluu: "Amitriptilini 25, 1x1 usiku." Mwenye kibahasha, mama anayeuza ndizi Kiborloni, alimeza kidonge kimoja kila usiku kwa siku nne, na kila asubuhi aliamka na mdomo mkavu na kichwa kizito, siku ya tano alipoinuka ghafla kutoka kwenye kigoda chake, kizunguzungu kikamkalisha tena. Akaacha. Sababu aliyonipa ni kwamba hataki kuwa teja.

Kuhusu uteja alikosea, maana dawa hizi hazileti uchu wa kuzitafuta kama zifanyavyo dawa za kulevya, ingawa aliyezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, hasira za karibu na kukosa usingizi, ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Kuhusu mwili wake, hata hivyo, hakukosea hata kidogo. Amitriptilini, dawa iliyokuwapo tangu miaka ya 1960, hukausha mate, hufunga choo, huleta usingizi na hushusha presha mtu anaposimama, na kwa mzee mwenye tezi dume iliyovimba inaweza hata kuzuia mkojo. La hatari kuliko yote ni kwamba vidonge vingi vikimezwa kwa mkupuo huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuua. Kumkabidhi akiba ya miezi mitatu mtu anayewaza kujiua, bila ndugu wa kumtunzia, ni uzembe. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ni salama zaidi kwa upande huo, lakini nayo huleta kichefuchefu, hukosesha usingizi na hudhoofisha tendo la ndoa, jambo ambalo wagonjwa huona haya kulisema na wahudumu huona haya kuliuliza. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaoanza dawa za aina hii, na mwaka 2007 onyo hilo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24.

Wanaozitetea dawa hizi nao wana hoja nzito. Sonona kali humwondolea mtu hamu ya kula, kazi na hata uhai wenyewe, na kwa hali kama hiyo vidonge husaidia wengi. Tatizo ni mpangilio wa muda: maudhi huanza siku za mwanzo, wakati nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, pengine sita. Mfanyabiashara wa ndizi angelielewa hilo mara moja kama angeambiwa kwamba fedha inatoka leo na mzigo unafika mwezi ujao. Hakuambiwa.

Kwa sonona nyepesi naegemea upande wa wenye shaka: Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kuanza na vidonge hapo, na ushauri nasaha ungetangulia, ijapokuwa ni rahisi zaidi kutoa kidonge kuliko kumpata mshauri.

Lipo pia swali ambalo kwetu lingepaswa kuulizwa kila mara: unatumia nini kingine? Tramadoli, dawa ya maumivu makali, ikichanganywa na dawa hizi inaweza kuleta degedege. Dawa mseto ya malaria, ambayo karibu kila nyumba imewahi kuitumia, ina lumefantrini inayoweza kuongeza kiwango cha amitriptilini mwilini na kuugusa mdundo wa moyo, kwa hiyo anayekutwa na malaria amtajie daktari kidonge chake cha usiku kabla ya kuandikiwa chochote. Mbege nayo, pombe yetu ya ndizi, hata ile ya kwenye sherehe, huongeza usingizi na kulegea.

Foleni za kliniki nazijua, na simlaumu nesi anayehudumia watu wengi kwa asubuhi moja. Ila mama yule aliporudi kwa kusukumwa na binti yake, nesi mwingine alikigeuza kibahasha kilekile na kuandika nyuma yake, kwa muda usiozidi dakika mbili: "Inuka polepole. Maji mengi. Usiongeze, usiache. Pakiti akae nayo binti. Rudi baada ya wiki mbili."