Pasaka, Mfungo Sita na kusi: nani apange tarehe za sherehe za Lamu?

Kila mwaka, wiki mbili tatu kabla ya Pasaka, mwenzangu mmoja kazini hapa Nairobi huniuliza swali lile lile: "Lamu mna nini Pasaka hii?" Humjibu kwamba masika yanaingia, majahazi yanapandishwa pwani kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, na kupakwa sifa, yale mafuta ya papa, na sherehe kubwa ya mji, Maulidi, ingali mbele huko, Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Naye hunijibu, bila ubaya wowote, kwamba hapo ndipo tunapojiharibia: sherehe nzuri, tarehe hazishikiki. Lau tungezikusanya zote, ngoma, mbio za punda, mashindano ya mashua na vyakula, tukaziweka wiki moja ya Aprili isiyobadilika, Nairobi nzima ingehamia Lamu.

Rai hiyo si yake peke yake. Nimeisikia kwa watu wa safari, kwa vijana wanaopanga matamasha mjini, hata kwa jamaa zangu wa Pwani wanaoishi South C na Eastleigh. Mimi nimezaliwa Langoni, Lamu, na nusu ya umri wangu nimeimalizia Nairobi, kwa hiyo suala hili linanivuta mikono yote miwili. Naona halijapimwa sawasawa.

Nianze na upande wa mwenzangu, kwa sababu una uzito kuliko watu wa nyumbani wanavyopenda kukiri. Pasaka ndiyo wakati Nairobi inapohama. Shule zimefungwa, kuna siku 4 za mapumziko, tiketi za treni ya Mombasa zinakwisha mapema, na hoteli za Diani na Nyali zinajaa familia. Lamu hupata makombo. Halafu kusi, upepo wa kutoka kusini, linapoanza kuvuma na mvua za masika kushika, nyumba kadhaa za wageni Shela na Mkomani hufunga milango hadi Julai. Anayeumia mwanzo ni yule anayelipwa kwa siku: kijana wa boti, mama anayepaka hina, mwenye punda, msusi wa mikeka wa kijiji cha Matondoni.

Mwezi Mei mmoja nilikwenda nyumbani kwa mazishi. Baada ya hitima nilimkuta mjomba wangu, nahodha wa mashua inayobeba wageni, amekaa kwenye ngazi za gati. Tanga lake lilikuwa limekunjwa chini ya turubai, na juu ya turubai maji ya mvua yalikuwa yametuama siku nyingi hadi yakageuka kijani. Nikamweleza rai hii ya watu wa Nairobi, nikitarajia aikatae. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa Kiamu chake: "Nti imekauka, mwanangu. Wakitaka kuya, nawaye." Nchi imekauka, wakitaka kuja, na waje. Tangu siku ile siwezi kuisema rai hii kwamba ni tamaa ya wafanyabiashara tu.

Na ukame huo wa pesa una historia. Mwaka 2011 watalii walitekwa nyara katika visiwa vyetu. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, na serikali ikaweka kafyu iliyodumu miezi. Katika mji ambao watu wavua usiku na shughuli za harusi na maulidi huchelewa, kafyu ilikuwa msiba juu ya msiba. Wageni walikoma, na wengine hawajarudi. Mtu aliyepitia miaka ile, ukimwambia kuna wiki moja ya uhakika ya kuingiza pesa, atakusikiliza. Ana haki ya kusikiliza.

Sasa upande wa pili. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wa bara wanapokosea hesabu.

Waswahili huhesabu miezi kuanzia baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Sita, ambao ndio Rabiul-awwal, mwezi aliozaliwa Mtume (S.A.W.). Maulidi makubwa ya Lamu hufanyika mwishoni mwa mwezi huo katika Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, sharifu aliyehamia Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19 na kufungua darasa lake kwa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali. Wageni wa Maulidi hutoka Tanzania, Ngazija, Uganda na pwani yote ya Kenya. Hulala kwa jamaa, hula pilau ya masufuria makubwa, husikiliza matwari, yaani matari, hadi usiku wa manane, na siku ya ziara huandamana kwa zefe hadi kaburini kwa Habib. Mbio za punda, bao, kuogelea na mashindano ya mashua vimeota kando ya ibada hiyo. Ukiving'oa ukavipeleka Aprili peke yake, umeondoa kilichowaleta watu pamoja, umebaki na punda wanaokimbia.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Maulidi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Mwaka 2006 Mfungo Sita ulianguka Aprili. Wakubwa wenzangu watakumbuka: Maulidi yalikuja katika masika yenyewe, jirani kabisa na Pasaka. Mwaka 2026 yako Agosti na Septemba. Kuelekea mwaka 2038 yatarudi tena Aprili. Mzunguko mmoja ni kama miaka 33, na mtu akijaliwa umri atayaona Maulidi katika kila upepo wa mwaka: kaskazi, masika, kusi na demani. Bibi yangu alikuwa akihesabu umri wa watoto wa ukoo kwa njia hiyo: huyu kazaliwa Maulidi ya kaskazi, yule Maulidi ya mvua.

Halafu ipo Ramadhani. Mwaka 2022 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Mwaka 2023 vivyo hivyo. Mwaka 2024 tena. Miaka 3 mfululizo, tamasha la Pasaka lenye meza za vyakula mchana kutwa lingefanyika katika mji uliofunga. Nani angepika? Nani angecheza ngoma ya goma kiu ya saa tisa imemkamata? Mwenzangu sikuona akilifikiria hili, wala simlaumu, kwa kuwa Nairobi unaweza kupita mwezi mzima wa Ramadhani bila kuuona isipokuwa ukipita Eastleigh wakati wa magharibi, viazi vya karai vikikaangwa barazani.

Upepo nao haupangwi ofisini. Nimeona mashindano ya mashua mbele ya mji tangu niko mdogo, na kitu kinachokaa machoni ni dakika ile chombo kinapogeuka: foromali, mti unaoshika tanga, inazungushwa, tanga linapiga makelele, mabaharia wanakimbilia upande wa joshini, upepo unakotoka, na viroba vya mchanga mikononi ili mashua isilale, na nahodha hasemi neno, anaangalia maji tu. Kosa moja hapo, chombo kinajaa maji. Kusi likishashika, mkondo wa Lamu huwa na mawimbi mafupi yasiyo na huruma, na mjomba wangu aliye tayari kuwapokea wageni Mei hayuko tayari kushindana Mei. Masika pia huharibu njia. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Anayeuza tiketi ya basi la kwenda Mokowe wiki ya mwisho ya Aprili anauza na wasiwasi.

Wanaotetea tarehe moja hutaja mifano, nayo ni mifano mizuri. Sauti za Busara huko Zanzibar ilianza 2004, hufanyika Februari, na imeifanya Februari kuwa mwezi wa muziki Mji Mkongwe. Lakini itazame kwa karibu. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na tamasha lolote la Februari katika mji wa Waislamu litalazimika kuukwepa mwezi huo. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo watu hulijua kwa Julai, mwaka 2014 lilifanyika Juni, kabla Ramadhani haijaingia. Kwa hiyo hata waliojichagulia tarehe za kizungu hutazama mwezi kabla ya kuchapisha matangazo.

Mfano unaonishinda nguvu ni wa Malindi. Wagiriama humkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza kuwapinga Waingereza, kila Agosti, na Agosti hiyo ina maana: ni Agosti 1914 ambapo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti, baada ya kiapo cha 1913 alichokiongoza Mekatilili. Tarehe imekaa kwenye kalenda ya ofisi na bado ni ya wenyewe, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea siku hizo. Hapo sina ubishi. Tarehe isiyobadilika haiui sherehe. Lamu yenyewe ina Tamasha la Utamaduni, lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Hulifurahia. Mitaa hujaa, watoto wa shule huimba, wazee hukaa kwenye bao hadi jioni. Hakuna aliyelalamika kwamba Novemba si mwezi wa Waswahili.

Hofu yangu inaanzia kwingine, na naijua kwa sababu ya Bomas of Kenya, hapa Lang'ata. Bomas imekuwepo tangu 1971, na watoto wengi wa Nairobi, wangu wakiwemo, wameziona ngoma za makabila yao kwa mara ya kwanza pale. Nashukuru kwa hilo. Wachezaji ni mahodari kwelikweli. Ila siku niliyowapeleka wanangu, binti yangu aliniuliza mbona bibi harusi hayupo. Alikuwa ameshaona vugo likichezwa Lamu, akina mama wakigonga pembe na kumpigia vigelegele bibi harusi anayemjua kwa jina. Pale jukwaani aliona ngoma ya harusi isiyo na harusi, ikianza na kumalizika kwa saa ya ukutani. Ukumbi ule ulijengwa kwa ajili hiyo, na kwa ukumbi inatosha. Kwa Langoni haitoshi.

Basi nasimama wapi? Maulidi na mambo yake yabaki na mwezi. Mashindano ya mashua yabaki na upepo, na manahodha ndio waseme siku, wakiangalia bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo. Katika hayo mawili sioni la kuafikiana. Lakini ile hoja ya kwamba tarehe zetu hazijulikani naikataa moja kwa moja. Mwandamo hubishaniwa kwa siku moja, nadra mbili. Mfungo Sita wa miaka 10 ijayo unaweza kuchapishwa leo na mtu akaomba likizo yake. Na Pasaka, ile Pasaka inayotajwa kama mfano wa tarehe iliyotulia, yenyewe inafuata mwezi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Ilikuwa Machi 31 mwaka 2024, Aprili 20 mwaka 2025. Waajiri wa Nairobi, shule na kampuni za mabasi wameizoea bila kunung'unika. Wanaweza kuuzoea na mwezi wetu, ikiwa mtu ataufikisha mezani kwao kwa wakati. Hilo ni jukumu la watu wa kaunti na sisi wana wa Pwani tulio Nairobi. Tumelilalia.

Halafu mjomba wangu na tanga lake chini ya turubai. Kumwambia angoje Mfungo Sita si jibu. Miezi ile mikavu inahitaji sherehe yake, ndogo, ya mambo yanayowezekana mvua ikinyesha: usiku wa mashairi barazani, mashindano ya bao, mafundi wa Matondoni wakikalafati chombo mbele za watu, mapishi ya nyumba kwa nyumba, kofia za vito zikishonwa na kuuzwa na anayezishona. Mafundi wako kazini siku hizo hata hivyo, kwa sababu ndio msimu wa kukarabati vyombo. Mgeni wa Nairobi akija ataikuta kazi halisi, na pesa itaingia mikononi mwa waliokaa bure. Tarehe yake ipangwe kila mwaka baada ya kutazama Ramadhani na Pasaka pamoja.

Mwaka 2027, kwa mfano, Idi itakuwa karibu na tarehe 10 Machi, na Pasaka ni Machi 28. Kati ya hapo kuna zaidi ya wiki 2. Saumu imekwisha, watu wana nguo mpya, kaskazi linalegea na kusi bado halijashika. Nimempigia mjomba simu kumweleza. Aliniuliza swali moja tu, ni nani atakayewaambia watu wa Nairobi, na mapema kiasi gani.