Kikao kinatafuta mkosaji

Jumapili moja mwaka 2023, mimi na mke wangu tulikuwa na siku ya nne hatusemeshani. Mchana simu ikaita kutoka Mwanza. Mjomba, shangazi wawili, shemeji yangu na mzee wa kanisa walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa mama, simu wameiweka katikati ya meza. Mke wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka kazini, sare bado mwilini. "Kaeni chini nyote wawili," mjomba akasema. "Hiki ni kikao."

Kilichukua saa mbili. Mimi niliambiwa nikaze, mwanaume halalamiki. Mke wangu aliambiwa pesa isimpande kichwani, kisha akatakiwa aombe radhi. Akaomba. Tukaitikia kwamba tumesikia, mzee akafunga kwa sala. Usiku ule mke wangu alilala chumba cha watoto. Kesho yake asubuhi binamu yangu wa Dodoma, ambaye hakuwepo kikaoni, akanitumia ujumbe wa kunipa pole.

Sivunji heshima ya vikao. Vikao ndivyo vilivyonioza. Hata sheria inavitambua: chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Tanzania huendi mahakamani kudai talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, kabla ya kupitia baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Nimeona ndoa zilizopona hapo. Ila kikao kinaanza na swali moja, nani kakosa? Na sisi hatukuwa na mkosaji.

Nilifundisha Jiografia sekondari miaka kumi na moja. Nilikuja Leeds, England, kwa viza ya mke wangu, ambaye anahudumia wazee, na kwenye karatasi zangu naitwa mtegemezi. Fikiria neno hilo kwa Kiswahili. Mtegemezi ni mtoto, ni bibi asiyeweza kwenda shamba. Mkataba wa nyumba una jina lake. Usiku mimi napakia maboksi ghalani, asubuhi nawapeleka watoto shule, na tunapishana mlangoni yeye akitoka nami nikiingia. Hakunidharau hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nasikia dharau katika kila alichosema, hata aliponiuliza kama nimekula. Hilo utalipeleka kikao gani?

Daktari wa mtaani kwetu akanielekeza kwenye tiba ya mazungumzo. Hapa England naisifu nchi hii kwa moyo wote: mtu mzima unaweza kujiandikisha mwenyewe, bila barua ya daktari, bila kulipa, na mazungumzo yakafanyika kwa simu au video. Unaanza na fomu ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kama umewahi kuona bora usingekuwepo. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Na unachosema kinabaki humo, isipokuwa kukiwa na hatari ya mtu kudhurika, na hilo wanakwambia mapema. Mimi nimekulia mahali ambapo siri ya ndoa hufika sokoni kabla ya mboga. Kuambiwa vile kulinitoa machozi.

Lugha ndiyo iliyonikwamisha. Kiingereza changu cha darasani kinatosha kueleza mmomonyoko wa udongo, hakitoshi kueleza aibu. Nikaomba mkalimani. Nikasema, "Nina mawazo sana." Akatafsiri neno kwa neno. Yule dada mtaalamu akauliza kwa upole, mawazo gani? Nikakosa jibu. Kwetu mtu akisema ana mawazo, huulizi ni mawazo gani, unavuta kiti. Zimbabwe wanalo neno kama hilo, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alilichukua lilivyo alipoanzisha mwaka 2006 utaratibu wa mabibi waliofunzwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakumlazimisha mgonjwa ajifunze kwanza jina la kitaalamu la maumivu yake.

Rafiki mmoja ndiye aliyenipa namba ya mshauri nasaha aliyeko Dar es Salaam, mama wa makamo, anayefanya kazi kwa video. Jumamosi saa mbili asubuhi kwangu, saa tano kwake wakati wa baridi. Nyumba yetu kuta zake ni nyembamba, basi nikakaa kwenye gari nje, simu nimeiegemeza kwenye usukani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Akauliza habari za watoto, habari za baridi, kisha akasema, "Nikuite nani?" Sijui kwa nini nilijibu "Mwalimu". Akasema, "Haya Mwalimu, karibu. Nakusikiliza."

Miaka miwili hakuna aliyeniita hivyo. Nyuma yake, nje ya dirisha, muuza mchicha alikuwa anapita akinadi kwa sauti ile ile ya kuvuta. Nililia kwanza, nikaongea baadaye. Hakunihimiza. Hakusema "kaza".

Kuna wenzangu huku wanaosema ushauri wa mtandaoni ni kulipia maneno ambayo shangazi anayatoa bure. Sikubaliani nao. Shangazi ana upande, na ana haki ya kuwa nao, sisi ni damu yake. Mama yule hakuwa na upande. Kwa mara ya kwanza niliulizwa nini nilikipoteza, badala ya kuulizwa nimefanya nini. Kuna pia wanaosema huduma ya bure ya hapa inatosha. Kwa anayeota ndoto zake kwa Kiingereza, huenda. Mimi nahesabu kwa Kiswahili, nasali kwa Kiswahili, nagombana kwa Kiswahili.

Muulize mtu unayetaka kumlipa amesomea wapi na nani anamsimamia. Uingereza hakuna sheria inayomkataza mtu yeyote kujiita mshauri nasaha, kwa hiyo usiogope kuuliza. Na kama nyumbani kuna kipigo, au mwenzako anapekua simu yako, usianzie kwenye video. Tafuta kwanza mahali salama.

Nyumbani nimewapigia. Nilimwambia mjomba, kwa heshima zote, kwamba mambo yetu yana mtu anayetusaidia, na kwamba nitafurahi akinipigia kuniuliza hali tu. Alikaa kimya kidogo. Akauliza, "Huyo mama ni wa kabila gani?" Nikamwambia sijawahi kumuuliza. Tangu hapo anapiga kila Ijumaa, tunaongea mpira na mvua.

Leo ni zamu ya mke wangu. Kaniachia watoto na uji jikoni, kachukua blanketi na kikombe cha chai, kaenda kwenye gari. Vioo vimeshaingia ukungu, simwoni uso. Naona tu mwanga wa simu, na mkono wake unavyopanda na kushuka anapoongea.