Wawili Hawa Watanimaliza

Jamani, mimi nina mke mmoja na gari moja, lakini waelekeza njia wa GPS ninao wawili, na hawaelewani.

Wa kwanza alikuja na gari, kajengewa humohumo kwenye dashibodi. Bwana mkubwa huyo! Skrini pana, na akisema, spika zote zinanguruma kama anasoma taarifa ya habari. Ila ramani yake ni ileile aliyotoka nayo kiwandani. Niliulizia bei ya kumwekea mpya, nikarudi nyumbani kimya kimya. Sasa nikipita barabara mpya ananionyesha niko katikati ya shamba, kigari changu kinaelea kwenye rangi ya kijani. Tena mkali: gari likitembea, hakubali uandike kitu. Mke wangu kaketi pembeni, vidole vyote kumi havina kazi, lakini naye haruhusiwi. Eti usalama.

Nikanunua kile cha kubandika kiooni. Kwa ramani sina ugomvi nacho: usiku unakichomeka kwenye kompyuta, asubuhi kimeamka na barabara mpya. Taabu ni kubandika. Ule mpira wa kunyonya kioo nimeufuta, nimeupulizia pumzi, mpaka nikaulamba, mtu mzima na ndevu zangu! Unashika vizuri tu, ukifika kwenye mzunguko wa magari, pwaa! Waya wa chaja nao unaning'inia juu ya gia. Na ukiegesha, usikibandue tu. Ufute na lile duara kiooni, maana mwizi akiliona anajua mali iko kwenye droo.

Juzi nikawasha wote wawili. Huyu "kata kulia", yule "endelea moja kwa moja". Na setilaiti wanazozitazama ni zilezile, kilomita 20,200 huko juu! Tukaingia kwenye handaki. Cha kiooni kikawa bubu, kwa sababu kinataka setilaiti nne ndipo kijue kilipo, na mle ndani huoni hata moja. Bwana mkubwa akaendelea bila wasiwasi: yeye anahesabu magurudumu yanavyozunguka na kuhisi gari linavyopinda. Hapo, kusema kweli, nikaanza kumheshimu.

Tukatoka mwangani. Akasema, "Kata kushoto." Nikakata. Ukuta! Mpya, rangi bado inang'aa. Nikakanyaga breki, mpira ukaachia, pwaa, na kutoka chini ya kiti cha mke wangu sauti ikasema kwa upole: "Tafadhali, geuza gari."